Pini Tatu, Matundu Mawili

Tangu mwaka 2011 silali ila kwa msaada wa mashine. Si kubwa, haipiti ukubwa wa msahafu ulio juu ya marfaa yake, na kazi yake ni kusukuma hewa taratibu, kupitia mpira na barakoa niivaayo puani, ili koo langu, ambalo hulegea na kujifunga nikishikwa na usingizi, lisiizuie pumzi. Tabibu aliyenipima mjini Maskati, nilikokwenda kuwazuru jamaa wa upande wa mama, alinieleza kwamba katika saa moja ya usingizi pumzi yangu ilikuwa ikikatika zaidi ya mara 30, na kwamba ule uchovu wa mchana nilioudhani kuwa ni uzee ulionijia kabla ya wakati wake haukuwa uzee hata kidogo, bali ni madai ya mwili uliokesha usiku kucha ukishindania hewa. Nikainunua mashine kule kule, nikarudi nayo Tanga, nikaichomeka ukutani karibu na kitanda changu, nikalala usingizi wa mtoto. Na kwa kuwa soketi za Omani na soketi za kwetu ni za namna moja, zile za matundu matatu bapa ambazo Waingereza waliziwekea kanuni mwaka 1947 zikaenea katika nchi nyingi walikokuwa na amri, sikupata sababu hata moja ya kujiuliza kama kitu kile nacho kina kwao, na kama kikitoka kwao kitakuwa mgeni.

Sababu ilinijia miaka mitano baadaye, usiku, mjini Goma.

Kwa kazi mimi ni fundi wa vifaa vya tiba, na mwaka 2016 jumuiya moja ya misaada iliniajiri kwa muda wa miezi sita nizunguke katika Masisi na Walikale, wilaya mbili za jimbo la Kivu ya Kaskazini, nikivihuisha vifaa vilivyokuwa vimekufa katika hospitali na vituo vya afya, na kuwafunza vijana wa huko namna ya kuvitunza. Nilitoka Dar es Salaam kwa ndege hadi Kigali, nikapanda basi hadi Gisenyi, nikavuka mpaka kwa miguu, begi la nguo mgongoni na mashine yangu mkononi, nikaingia Goma jioni, katika mji ule ambao kuta zake nyingi zimejengwa kwa mawe meusi yaliyotapikwa na mlima Nyiragongo. Kijana wa nyumba ya wageni akanionyesha chumba, akaniombea usiku mwema, akaenda zake. Nilipoinama kuchomeka mashine nilikuta ukutani kikombe cha duara chenye matundu mawili ya mviringo, na juu yao kijiti cha chuma kimechomoza kuja kwangu, kana kwamba ukuta ndio wenye pini na mimi ndiye niliyetakiwa kuwa na tundu. Ndiyo soketi ya Wabelgiji, walioitawala nchi ile tangu 1908 hadi 1960, na wenyeji huiita prizi, kama plagi waiitavyo fishi.

Kwetu, plagi ya pini mbili ikikutana na soketi ya matundu matatu, dawa yake haifichikani hata kwa mtoto: hutiwa kalamu au kijiti katika tundu la juu, kile kifuniko cha ndani kikafunguka, na zile pini mbili zikapita. Nimeitumia hila hiyo mara nyingi, nami ni fundi niliyepaswa kuwakataza wengine. Katika chumba kile hila haikuwa na pa kushika. Pini zangu tatu bapa zilibaki kuyatazama matundu yale, maduka yalikuwa yamekwisha kufungwa, na nikalala bila mashine kwa mara ya kwanza katika miaka mitano. Niliamka mara nisizoweza kuzihesabu, kinywa kikavu, moyo ukienda mbio, nikiwa nimeketi kitandani bila kujijua. Na kulipokucha nilifahamu kwa nini mgonjwa anayesafiri na kifaa chake hana budi kuiuliza nchi aendako habari za umeme wake kabla ya kuuliza habari za chakula au hali ya hewa.

Asubuhi nilikwenda Birere, mtaa wa biashara uliopakana na Gisenyi, ambako bidhaa za pande mbili za mpaka hukutana na kuuzwa juu ya meza za mbao. Kijana mmoja alinitolea adapta nyeupe, yenye matundu matatu bapa upande mmoja na pini mbili za mviringo upande wa pili, akaniambia kwa furaha ya muuzaji, "Hii inaingia fasi yote, Muzee." Alisema kweli: iliingia. Lakini kabla ya kuichomeka nilikigeuza kile kisanduku cheusi cha waya wa mashine yangu nikasoma maandishi yake madogo, jambo ambalo kwa miaka mitano sikuwa nimelifanya, na Mungu alinisitiri, kwa maana yaliandikwa kwamba kinapokea umeme wa volti 100 hadi 240, wa hezi 50 au 60. Maana yake ni kwamba kisanduku kile kimeumbwa kuridhika na umeme wa karibu kila nchi. Nacho hutoa upande wa pili volti 24 za namna ya betri, ziwazo zozote zilizoingia. Kifaa cha namna hiyo hudai adapta tu. Na adapta, hili ndilo ambalo ningependa kila msafiri alishike kwa meno, haibadili umeme. Hubadili umbo la pini na hapo ndipo kazi yake ikomapo. Mwenye kuingia kwa adapta huingia kama alivyo, akakutana na kilichomo ndani kama kilivyo.

Wakati ule nililijua jambo hili kwa akili. Ilinibidi nifike Walikale nilijue kwa majuto.

Kwanza lakini ilikuwa Masisi. Kutoka Goma hadi Masisi-Centre, kupitia Sake, ni mwendo wa kilomita 80 hivi, nao ulituchukua siku nzima, kwa maana baada ya Sake barabara hupanda milimani na kuwa tope, na malori yaliyozama hungoja kusaidiana kama majahazi yaliyokwama mwambani. Nchi yenyewe, ukiiona, hutaamini kwamba imepita katika misiba niliyokuwa nimeisoma: vilima vya kijani juu ya vilima, ng'ombe wakilisha hadi karibu na mawingu, na njiani watu wakiuza jibini za duara ambazo Masisi inasifika kwazo katika Kongo yote. Waliponisikia nikisema, wengi waliniuliza kama mimi ni askari, kwa kuwa Watanzania waliowafahamu walikuwa wale waliokuja mwaka 2013 katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Nilipowajibu kuwa ni fundi wa mashine za hospitali walicheka kwa faraja, wakanipa kiti. Kiswahili chetu kilipishana hapa na pale, wao wakisema grupu mimi nikisema jenereta, wao mazutu mimi dizeli, ila hakuna siku tuliyokosa kuelewana.

Waya wa umeme wa serikali haukufika katika hospitali niliyofanyia kazi. Grupu iliwashwa magharibi ikazimwa saa nne za usiku, isipokuwa pakiwa na upasuaji, na mwenye kuiwasha alikuwa mzee mwembamba, asiye na cheti cha ufundi, ambaye kila mtu alimwita Papa wa Grupu. Jioni ya kwanza nilikuwa tayari nimeshika plagi yangu, adapta ya Birere imekwisha kuvishwa, nikingoja taa ziwake nichomeke, naye akaingia chumbani akiwa bado ana mafuta mikononi.

"Ngoja kwanza, Muzee," aliniambia. "Grupu ikianza, kwanza inasumbuka. Ukitia sasa, njo itaungua."

Nilikuwa na kipimo changu, nikakitia katika prizi nimwonyeshe, kwa adabu, kwamba fundi wa Tanga anajua alifanyalo. Sindano ilipanda ikapita 260, ikashuka chini ya 190, ikapanda tena, ikacheza hivyo kwa muda wa dakika mbili tatu kabla ya kutulia kwenye 220. Yule mzee hakuwa na kipimo. Alikuwa amejifunza kwa masikio, kutoka katika mlio wa injini, na kwa macho, kutoka katika wekundu wa taa, yale niliyoyasoma mimi katika sindano, na alikuwa ameviokoa kwa neno lile moja la "ngoja kwanza" vifaa vingi kuliko nilivyopata kuvitengeneza kwa mikono yangu. Tangu jioni ile sikuchomeka kitu katika hospitali ile bila idhini yake, na kila nilikokwenda baadaye nilitafuta kwanza mwenye kuwasha grupu, ndipo nikamtafuta mganga mkuu. Nilipozisikia habari za Januari 2025, vita vilipofika Masisi-Centre na baada yake Sake na Goma, uso wake ulikuwa wa kwanza kunijia.

Kulikuwa na jambo jingine la Masisi ambalo bado lanielemea. Grupu ikizimwa saa nne, mashine yangu ilizimika pamoja nayo, nami nikabaki na kiza na koo langu. Mkuu wa hospitali, ambaye alikuwa mkarimu mno, aliagiza grupu iendelee hadi alfajiri kwa ajili ya mgeni. Usiku wa pili niliamka kwenda haja, nikapita karibu na wodi ya wazazi, nikasikia muuguzi akimwambia mwenzake kwamba mazutu yakiendelea hivi hayatafika Jumapili. Na Jumapili, kama siku nyingine yoyote katika nchi ile, angeweza kuja mama aliyeshindwa kujifungua, au kijana mwenye risasi tumboni, na taa za chumba cha upasuaji zisiwake kwa kuwa fundi wa vifaa vya tiba alilala vizuri tangu Jumatatu. Sikurudi kulala. Asubuhi nilimwomba mkuu afute amri yake, nikatuma fedha Goma niletewe betri ya volti 12, bamba la jua, na kifaa cha kupandisha 12 kuwa 24. Na kwa kuwa chombo cha maji moto kilichomo ndani ya mashine, cha kuilowesha hewa, ndicho kinywacho sehemu kubwa ya umeme wake, nilikizima kabisa, nikawa nalala na pua kavu lakini nalala, na betri ikanifikisha asubuhi. Anayekwenda mahali ambako umeme ni wa kugawana afunge safari na umeme wake mwenyewe. Nasema haya kwa kukaza, kwa maana wenyeji wa Masisi hawatamwambia mgeni kwamba analala kwa gharama ya wagonjwa. Heshima yao haiwaruhusu.

Walikale ni ulimwengu mwingine. Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za jimbo lile, na karibu yote ni msitu; milima yenye malisho hukoma, hewa huwa nzito na ya unyevu, na njia za magari ni chache kiasi kwamba nilipelekwa kwa ndege ndogo, iliyotua si katika uwanja bali juu ya kipande cha barabara ya lami, mahali paitwapo Kilambo, karibu na Ndjingala. Ndege za pale hazikuanzishwa kwa ajili ya dawa wala mafundi. Kwa miaka mingi zilifuata mawe ya kasiteriti yaliyochimbwa Bisie, ambayo wachukuzi waliyabeba mgongoni, mizigo ya kilo 50, kwa mwendo wa siku mbili kupita msituni, hadi yafike barabarani yapakiwe kwenda Goma na kutoka Goma yaende ng'ambo. Kasiteriti ndiyo mama wa bati, na karibu nusu ya bati la dunia hutumika kutengeneza lehemu, ile madini laini inayoyeyushwa kuunganisha viungo vya kila kifaa cha umeme. Nikiwa fundi nimeyeyusha lehemu maisha yangu yote. Siku ile, nikiwa nimesimama kando ya barabara ya Kilambo, nikiwatazama vijana wenye mabega yaliyochubuka, nilifahamu kwamba huenda kiungo fulani ndani ya mashine inilazayo kimeshikwa na jiwe lililotoka msitu ule. Na siku tatu baadaye, katika kituo cha afya kimoja ambacho sitakitaja, nikaonyeshwa masanduku mawili ya mashine zilizotoka Marekani, zilizosafiri kupita bahari mbili hadi karibu na mahali ambapo huenda bati lake lilizaliwa, na zisiweze kuukubali umeme wa hapo.

Zilikuwa mashine za kuchuja oksijeni. Hewa tuivutayo ina oksijeni sehemu 21 katika 100. Mashine hizi huivuta hewa, huisukuma kwa nguvu ndani ya mitungi yenye chembechembe za zeolaiti ambazo hunasa naitrojeni, na kutoa upande wa pili oksijeni iliyo safi kwa sehemu 90 na zaidi, ambayo kwa mtoto mwenye nimonia ni tofauti ya uhai na mauti, hasa mahali kama Walikale, ambako kuleta mitungi ya chuma iliyojazwa oksijeni ni kazi ngumu na ya gharama. Mwenye kuzitoa zile mbili alizitoa kwa moyo mwema, sina shaka. Lakini ziliundwa kwa umeme wa kwao, volti 115 na hezi 60, na fishi zake zilikuwa za vyuma viwili bapa na kijiti kimoja, zisizoingia katika prizi yoyote ya Kongo. Ya kwanza ilikwisha kuungua kabla sijafika: mtu aliivisha adapta, ikaingia, akaiwasha, ikapokea 220 mahali pa 115, na umeme ukikaribia kuzidi mara mbili joto lake huzidi mara tatu na zaidi, ikanguruma, ikatoa moshi, ikanyamaza. Muuguzi aliniambia kwamba walidhani ilikuwa mbovu tangu huko ilikotoka.

Ya pili nikaitwaa mimi. Nilisoma kibandiko chake, nikawaeleza kosa la ya kwanza, nikajiona mwenye elimu. Niliagiza transfoma kutoka Goma, ya kushusha 220 kuwa 110, nikaiunganisha, nikaiwasha mashine, nikaisikiliza ikipumua vizuri kwa saa nzima, nikaipima mkondo wa hewa nikaukuta sawasawa, nikatia sahihi yangu katika daftari kwamba kifaa ki salama kwa matumizi.

Hapo ndipo nilipokosa, na kosa ni langu peke yangu. Transfoma hushusha volti. Haiwezi kubadili hezi. Umeme wa Kongo, kama wa Tanzania, hugeuka mara 50 katika sekunde, na wa Marekani mara 60, na injini ya pampu iliyoundwa kwa 60 ikipewa 50 huzunguka kwa upungufu wa moja ya sita, haivuti hewa kwa shinikizo lililokusudiwa, na papo hapo hupata joto zaidi kuliko kawaida yake. Naitrojeni isiposhindiliwa vya kutosha hainaswi yote. Hewa itokayo ni ile ile kwa wingi, na kipimo cha mkondo hakionyeshi kasoro, lakini oksijeni iliyomo ndani yake hupungua kadiri mashine inavyozidi kuchemka. Mashine ile ilikuwa ya muundo wa zamani, haina taa ya kuonya juu ya usafi wa oksijeni. Na chombo cha kuupima usafi huo nilikuwa nacho, ila nilikiacha Goma ili mzigo wangu wa ndegeni usizidi.

Usiku aliletwa mtoto wa kike, umri wake miezi minane au tisa, mbavu zikizama kila anapovuta pumzi. Muuguzi alimwekea oksijeni kutoka katika mashine yangu, akambana kidoleni kile kipimo kidogo cha oksijeni ya damu, kikasoma 93, na mama yake akaketi chini akishukuru. Baada ya saa mbili kilisoma 90. Baadaye 86. Muuguzi yule, mwanamke wa makamo aliyekuwa peke yake na wagonjwa kumi na mmoja, aliitazama mashine ikifanya kazi bila kasoro ya dhahiri, akaitazama sahihi yangu katika daftari, akamtazama mtoto; na akamwamini mtoto. Alimwondoa pale, akamhamishia kwenye mashine nyingine kuukuu iliyofungwa kwa kamba, iliyoundwa kwa umeme wa 230 na hezi 50, ambayo tayari ilikuwa ikimpa hewa mtoto mwingine, akaigawa oksijeni yake kwa kigawanyio cha mipira miwili. Ndipo alipomtuma mlinzi aje aniamshe. Nilipofika kipimo kilikuwa kimerudi 91, na ubavu wa mashine yangu ulikuwa wa moto usioshikika.

Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Muzee, ile mashini iko na shida gani?" Nami nikamweleza habari ya hezi usiku ule ule, nikichora juu ya karatasi ya dawa, kwa kuwa nilikuwa na deni lake la maelezo hayo kabla ya kumwomba radhi. Mtoto alipona. Sikuwa na sehemu katika kupona kwake.

Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin, wataalamu wa Marekani, walichapisha uchunguzi uliokusanya hesabu ya vifaa vya tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zisizo na uwezo mkubwa, wakakuta kwamba karibu 40 katika kila 100 havikuwa vikifanya kazi. Na mwaka ule ule Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwataka wenye kutoa vifaa wawaulize kwanza wapokeaji. Nilikuwa nimezisoma karatasi zote mbili. Katika hesabu kama zile, mashine iliyoungua huandikwa kuwa mbovu na ile yangu, kwa muda wa saa zile mbili, ingeandikwa kuwa nzima. Tangu hapo naogopa zaidi kifaa kinachokubali nusu kuliko kinachokataa kabisa, na nikimwandikia mtu anayetaka kusafiri na mashine ya kupumulia, au ya mvuke, au ya kumsukumia chakula mgonjwa tumboni, humwambia asome kibandiko chote hadi mwisho: ikiwa ni 100 hadi 240, na hezi 50 na 60 pamoja, atafute adapta alale raha, ikiwa ni 120 peke yake, asitegemee transfoma mpaka amejua kama ndani mna injini na injini hiyo yataka hezi ngapi, na ikiwa ganda lake ni la chuma na plagi ina pini ya ardhi, asiikate pini hiyo wala kuivisha adapta isiyo nayo, maana siku waya wa ndani utakapogusa ganda, mkono wa mgonjwa ndio utakaokuwa njia ya ardhi.

Nilirudi Masisi katika mwezi wa mwisho wa mkataba wangu. Siku moja baada ya chakula cha mchana alikuja kuniulizia bibi mmoja wa kutoka upande wa Nyabiondo, amefuatana na mjukuu wake wa kiume wa miaka kumi na miwili hivi, naye amebeba kitu kilichofungwa ndani ya kitenge. Binti yake alikuwa amepokewa Marekani kama mkimbizi, akafanya kazi, akamnunulia mwanawe mwenye pumu mashine ya mvuke, akaituma kwa mkono wa mtu. Bibi alikifungua kitenge juu ya meza. Mashine ilikuwa mpya kabisa, plastiki yake haijatolewa. Nilimwuliza ilifika lini, akasema ilikuwa ni mwezi wa nne huu.

"Na hamkupata kuiwasha, Mama?"

"Hapana. Niliona mudomo yake haifanane na ya kwetu," alijibu, akiigusa fishi kwa kidole. "Nikasema, ningoje mutu wa kusoma."

Niliisoma. Volti 120, hezi 60, na ndani yake pampu. Nilikuwa na ile transfoma ya Walikale ndani ya sanduku langu, hatua tano kutoka pale nilipoketi, na nilijua kwamba nikiiunganisha mashine itawaka, mvuke utatoka, bibi atafurahi na mtoto atafurahi, na mimi nitaondoka Masisi baada ya wiki tatu. Sikuifungua. Nilimwambia bibi kwamba zawadi ya binti yake ni nzima na haina kosa, ila iliundwa kwa umeme wa huko aliko binti, na kwamba hapa itafanya kazi nusu na kufa upesi, labda usiku ambao mtoto anaihitaji kuliko usiku mwingine wote. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nikaagiza Goma nyingine ya 230 na hezi 50, yenye fishi ya mviringo, na ilipowasili nilimwita Papa wa Grupu; yeye akamfundisha yule mvulana kuhesabu hadi mia mbili baada ya taa kuwaka ndipo achomeke, na mvulana akahesabu kwa sauti mbele yetu, mara tatu, bila kuruka.

Walipokuwa wakijiandaa kuondoka nilimwuliza bibi kama angependa ile ya Marekani ibaki kwangu, niitafutie mtu wa kuirudisha. Akaitazama kitambo. Kisha akatandika kitenge, akaiweka katikati, akakunja pembe moja baada ya nyingine kwa utaratibu ule ule iliojia nao, akaifunga, akampa mjukuu ile mpya aibebe mikononi, naye akajitwisha ya binti yake kichwani.